Anadolu Efes ni Timu ya Nani? Klabu ya Kikapu Iliyozaliwa Kiwandani

Mwezi Mei mwaka 2025, Fenerbahçe ya Uturuki iliifunga Monaco pointi 81 kwa 70 mjini Abu Dhabi na kuchukua ubingwa wa EuroLeague, mashindano makubwa kuliko yote ya klabu za mpira wa kikapu barani Ulaya. Kwa Watanzania wengi Fenerbahçe ni jina la soka, lililozoeleka mwaka 2020 Mbwana Samatta aliposajiliwa huko akitokea Aston Villa, na kwa hiyo si ajabu kwamba habari ya ubingwa wa kikapu iliwachanganya baadhi yao. Mkanganyiko huo ni mdogo: Fenerbahçe ni klabu ya michezo mingi, yenye timu ya soka, ya kikapu, ya wavu na nyinginezo, zote zikivaa rangi moja. Mkanganyiko mkubwa unamhusu jirani yake wa Istanbul, Anadolu Efes, iliyotwaa ubingwa huo huo mara mbili mfululizo, mwaka 2021 na 2022, na ambayo jina lake watu hulikuta kwenye matokeo ya usiku na kwenye mikeka ya kubashiri bila kujua ni timu ya mji gani, ya mchezo gani, wala ya nani. Wapo wanaodhani ni klabu ya soka yenye tawi la kikapu. Wapo wanaodhani Efes ni mji wenye timu yake. Wapo pia wanaosema kwamba ni klabu changa iliyoanzishwa mwaka 2011, na kwamba Efes Pilsen wanayoisikia kwa wazee wa mchezo ilikuwa klabu nyingine iliyokufa.

Dhana zote tatu zina makosa, lakini hakuna hata moja iliyotoka hewani. Zote zinatokana na jina, na mtu akilifungua jina hilo neno kwa neno atajikuta ameipata karibu historia nzima ya klabu.

Kabla ya hapo ni vema tutofautishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya vijiweni huchanganywa, yaani mdhamini na mmiliki. Mdhamini ni yule anayelipa ili nembo yake ionekane kifuani mwa wachezaji, na mkataba ukiisha anaondoka, timu inabaki. Simba na Yanga ziliwahi kuvaa nembo ya bia ya Kilimanjaro, mkataba ukaisha, na hakuna aliyedhani kwamba Simba au Yanga imekufa, kwa sababu klabu hizo ni za wanachama na majina yao hayakuwahi kuwa ya bia. Mmiliki ni kitu kingine. Azam FC imebeba jina la bidhaa za kampuni iliyoianzisha, na Tusker FC ya Nairobi, ambayo zamani iliitwa Kenya Breweries, ni timu ya kiwanda cha bia tangu mwanzo wake. Kampuni ya namna hiyo haijabandika nembo juu ya jezi ya watu wengine. Imezaa timu, ikaipa jina lake, na ndiyo inayolipa mishahara. Anadolu Efes ni timu ya aina hii ya pili, na ndugu yake wa karibu hapa kwetu ni Tusker kuliko Simba au Gor Mahia.

Mji wa kale, bia ya Wacheki, na nafasi iliyonunuliwa

Tuanze na Efes. Hilo ni jina la Kituruki la mji wa Efeso, ule ule ambao wakazi wake waliandikiwa waraka unaosomwa makanisani kama Waraka kwa Waefeso. Magofu yake yako karibu na mji mdogo wa Selçuk katika mkoa wa İzmir, magharibi mwa Uturuki, na wanaomfuatilia Novatus Miroshi huko Göztepe watakuwa wamekwisha kulisikia jina la İzmir. Efeso ya leo ni magofu ya kutembelewa na watalii. Haina timu ya kikapu, na klabu tunayoizungumzia haijawahi kuwa na makao huko.

Jina hilo lilifika kwenye jezi kwa kupitia kwenye chupa. Mwaka 1969 kundi la makampuni la Anadolu, linalomilikiwa na familia za Yazıcı na Özilhan, liliingia katika utengenezaji wa bia kwa viwanda vya Istanbul na İzmir, na bia yake ikaitwa Efes Pilsen. Sehemu ya pili ya jina imetoka mbali zaidi, kwani Pilsen ni mji wa Plzeň katika nchi ya Ucheki, ambako mwaka 1842 ilipikwa kwa mara ya kwanza ile bia ya rangi ya dhahabu ambayo sasa inaigwa duniani kote. Kwa hiyo timu iliyoitwa Efes Pilsen ilikuwa na jina lenye mji wa kale wa Anatolia na mji wa Ulaya ya kati, na haikuwa ya mji wowote kati ya hiyo miwili. Ilikuwa ya Istanbul.

Klabu yenyewe ilizaliwa mwaka 1976, na namna ilivyozaliwa inaeleweka kirahisi na wasomaji wa Tanzania waliokwisha kuona Ihefu ya Mbarali ikigeuka kuwa Singida Black Stars. Kampuni haikuanza na watoto wa mtaani kwenye ligi ya wilaya. Ilichukua timu ya daraja la pili iliyokuwapo tayari, Kadıköyspor, pamoja na nafasi yake kwenye ligi, ikaibadilisha jina. Ni kama mtu anayenunua daladala yenye leseni ya njia badala ya kupanga foleni ya kuomba leseni mpya: gari linapakwa rangi nyingine, lakini haki ya kupita barabara hiyo imekuja nalo. Miaka miwili baadaye Efes Pilsen ilikuwa ligi kuu, na katika msimu wake wa kwanza huko, 1978–79, ikawa bingwa wa Uturuki.

Kuna jambo hapa ambalo hupita bila kuelezwa, na bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini timu ya kiwanda ilifika juu haraka kiasi hicho. Katika Uturuki ya miaka ile, timu za makampuni ndizo zilizokuwa zikitawala kikapu. Efes ilipoingia ilimkuta mbabe ambaye naye alikuwa wa kampuni, Eczacıbaşı, jina la watengenezaji wa dawa, na kuanzia 1976 hadi 1984 kila ubingwa wa nchi ulikwenda kwa mmoja wa hao wawili. Baadaye zikaja Ülker, ya watengenezaji wa biskuti, na Tofaş ya mji wa Bursa, ya kiwanda cha magari, na kuanzia 1992 hadi 2006 hakuna msimu hata mmoja ambao bingwa wa Uturuki hakuwa timu ya kampuni. Miaka kumi na mitano mfululizo kombe lilizunguka kati ya bia, biskuti na magari, huku Fenerbahçe, Galatasaray na Beşiktaş, klabu zenye mamilioni ya mashabiki, zikitazama.

Sababu haikuwa siri. Klabu kubwa za wanachama zilikuwa na soka, na soka lilikula kila kitu. Kikapu kilipata kilichobaki mezani. Timu ya kampuni haikuwa na soka la kulisha, ilikuwa na bajeti inayojulikana mwanzoni mwa mwaka, na mchezaji alikuwa na hakika ya mshahara wake. Kasoro yake ilikuwa ya upande wa pili, kwa kuwa timu ya namna hiyo haina mtaa, haina babu aliyemrithisha mjukuu skafu, na siku mwenye kampuni akibadilisha mawazo inafungwa kama tawi la duka lisilo na faida. Eczacıbaşı, pamoja na mataji yake manane, iliifunga timu yake ya kikapu ya wanaume mwaka 1992. Ülker iliacha timu yake mwaka 2006 na kuhamishia fedha zake Fenerbahçe kama mdhamini. Katika kundi lile la wababe, Efes ndiyo iliyobaki na uzito wake, na ninaamini kuendelea kwake kuwapo kunastahili kuhesabiwa pamoja na mataji yake, ingawa hakuna kombe linalotolewa kwa hilo.

Pointi moja ya mwaka 1996

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba Efes iliibuka Ulaya mwaka 2021. Mashabiki wa umri wa kati nchini Uturuki watakwambia kwamba yote yalianzia katika miaka ya 1990, chini ya kocha Aydın Örs.

Mwaka 1993 timu yake ilifika fainali ya Kombe la Ulaya, iliyochezwa Turin, ikafungwa na Aris ya Ugiriki 50 kwa 48. Kikapu cha siku zile kilikuwa cha ulinzi mkali na pointi chache, na kupoteza kombe kwa kikapu kimoja ni maumivu ambayo hayahitaji tafsiri. Miaka mitatu baadaye, Machi 1996, Efes ilikuwa tena fainalini, safari hii katika Kombe la Korać, lililopewa jina la Radivoj Korać, nyota wa Yugoslavia aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1969.

Fainali hiyo ilichezwa mara mbili, nyumbani na ugenini, na hapa wengi hukosea wanaposoma matokeo yake. Efes ilishinda Istanbul dhidi ya Stefanel Milano 76 kwa 68, kisha ikafungwa Milano 77 kwa 70. Mtu akiangalia haraka atasema timu zilishinda mechi moja moja, kwa hiyo ni sare, na atauliza mechi ya tatu iko wapi. Lakini kanuni ilikuwa ya kujumlisha, kama ilivyo kwenye mechi za mtoano za klabu za soka barani Afrika, isipokuwa kwamba kikapu hakina hesabu ya goli la ugenini. Ukijumlisha unapata 146 kwa 145. Efes ilikuwa imeweka akiba ya pointi nane nyumbani, ikatumia saba ugenini, na kwa ile moja iliyobaki ikawa klabu ya kwanza ya kikapu ya Uturuki kutwaa kombe la Ulaya, miaka minne kabla Galatasaray hawajalibeba Kombe la UEFA katika soka.

Ushindi huo ulikuwa na sura zilizoendelea kuonekana kwa muda mrefu. Mpangaji wa mchezo alikuwa Petar Naumoski wa Masedonia, ambaye kwa vijana wa Istanbul wa enzi hiyo alikuwa mfano wa kuigwa kwenye kila uwanja wa saruji. Örs ndiye aliyeipeleka timu ya taifa kwenye fainali ya Ulaya mwaka 2001 na kurudi na medali ya fedha. Na katika benchi la Milano alikuwa amekaa Bogdan Tanjević, aliyepoteza kombe kwa Waturuki kwa pointi moja, kisha akaja kuifundisha timu ya taifa ya Uturuki na kuifikisha fainali ya dunia mwaka 2010. Mchezo huu una mizaha yake.

Katika miaka hiyo Efes ilipata kitu ambacho timu za kampuni hukipata kwa nadra, yaani kupendwa na watu wasio wake. Kwa kuwa haikuwa adui wa mtaa wa mtu yeyote, shabiki wa Fenerbahçe na shabiki wa Galatasaray waliweza kukaa mbele ya televisheni moja wakiishangilia dhidi ya Wagiriki au Waitaliano bila mmoja kuonekana msaliti. Upendo huo ulikuwa wa kukopeshwa, na wenyewe waliudai mara tu klabu zao zilipoanza kuwekeza kwenye kikapu.

Jina lililofutwa kwa kanuni

Januari 2011, mamlaka ya Uturuki iliyokuwa ikisimamia biashara ya tumbaku na pombe ilitoa kanuni iliyozuia vinywaji vyenye kileo kutangazwa kupitia klabu za michezo. Sheria kali zaidi ilipitishwa na bunge mwaka 2013. Kwa klabu ya kawaida kanuni ya namna hiyo ina maana ya kumtafuta mdhamini mwingine, lakini kwa Efes Pilsen, ambayo jina lake lilikuwa lebo ya chupa, ilikuwa na maana ya kutoruhusiwa kuitwa jina ililokuwa nalo kwa miaka 35.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina Anadolu Efes, na hapo ndipo ilipozaliwa pia dhana ya kwamba klabu mpya ilianzishwa. Hakuna klabu iliyoanzishwa. Mmiliki alikuwa yule yule, rais wa klabu Tuncay Özilhan alikuwa yule yule, rangi ya buluu na nyeupe ikabaki, na mataji yaliyopatikana tangu 1979 yanahesabiwa kwa jina jipya bila pingamizi lolote, kama vile mtu aliyebadilisha jina kwenye kitambulisho asivyopoteza cheti chake cha shule.

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa bia imekatazwa, mbona neno Efes limebaki? Jibu liko katika tofauti kati ya bidhaa na kampuni. Efes Pilsen ni bia. Anadolu Efes ni kampuni ya vinywaji inayotengeneza bia hiyo, lakini ambayo pia ina hisa nyingi katika kampuni inayojaza Coca-Cola nchini Uturuki na nchi jirani. Anadolu ni Anatolia, jina la sehemu ya Asia ya Uturuki, na ndilo jina la kundi zima la makampuni. Ni kama vile timu ya Tusker ingelazimishwa kuacha jina la bia na kuitwa East African Breweries: mwenye mali hajabadilika, ila kilichoandikwa kifuani si kitu unachoweza kukiagiza kaunta. Kuna watakaosema huo ni ujanja wa maneno, na sidhani wamekosea sana, kwani mtu yeyote nchini Uturuki anayesikia Efes anajua kinachosemwa. Lakini Pilsen iliondoka.

Kinachonivutia zaidi katika mkasa huu ni kilichotokea baadaye. Kampuni ilianzisha timu ili jina la bia yake lisikike, na kwa miaka 35 hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu. Jina lilipofutwa, sababu ya kwanza ya kuwa na timu ilifutika nalo, na mhasibu mwenye moyo mgumu angeweza kushauri kwamba kazi imekwisha. Timu haikufungwa. Mafanikio makubwa kuliko yote katika historia yake yalipatikana katika muongo uliofuata, wakati jezi haikuwa tena bango la bia.

Wa mwisho mwaka 2018, bingwa mwaka 2021

Ili mafanikio hayo yaeleweke, inabidi kwanza EuroLeague yenyewe ielezwe, kwa sababu hapa kuna mkanganyiko juu ya mkanganyiko. EuroLeague ya kikapu haina uhusiano wowote na Europa League ya soka, ingawa majina yanafanana kama mapacha. Europa League ni kombe la pili kwa ukubwa katika soka la Ulaya. EuroLeague ndiyo ya juu kabisa katika kikapu.

Tena haiendeshwi na shirikisho la dunia, FIBA. Mwaka 2000 klabu kubwa ziligombana na FIBA kuhusu fedha na madaraka, na msimu wa 2000–01 Ulaya ikawa na mashindano mawili ya juu na mabingwa wawili, Maccabi ya Tel Aviv upande wa FIBA na Kinder Bologna upande wa klabu. Efes msimu huo ilikuwa upande wa FIBA na ikamaliza ya tatu, kama ilivyokuwa ya tatu mwaka uliotangulia, kabla ya mgawanyiko. Klabu ndizo zilizoshinda ugomvi huo, na mashindano yakawa mali yao.

Neno mali lichukuliwe kwa maana yake halisi. Katika EuroLeague ya leo zipo klabu wenye hisa, na Anadolu Efes ni mmoja wao pamoja na Real Madrid, Barcelona, Olympiacos, Panathinaikos, Fenerbahçe na wengine kadhaa. Mwenye hisa ana nafasi yake kila msimu, kama mfanyabiashara mwenye kizimba chake cha kudumu sokoni. Akiuza vizuri au vibaya, kesho asubuhi kizimba ni chake. Wengine huingia kwa mwaliko au kwa kufuzu. Anayetoka kwenye soka, ambako timu inayofanya vibaya inashuka, huona utaratibu huu ni wa upendeleo, na kwa kiasi fulani ni kweli.

Efes ilinufaika na utaratibu huo kuliko maelezo yoyote yanavyoweza kuonyesha. Msimu wa 2017–18 ilimaliza ya mwisho kati ya timu 16, ikishinda mechi 7 na kupoteza 23. Katika soka ingekuwa imeshuka, wachezaji wangetawanyika, na labda wakubwa wa kampuni wangeuliza swali lile ambalo hawakuliuliza mwaka 2011. Kwa kuwa kizimba kilikuwa chake, ilibaki, ikamwachia Ergin Ataman, kocha aliyekuja katikati ya msimu ule mbaya na ambaye tayari alikuwa ameifundisha mara mbili huko nyuma, aijenge upya. Aliijenga juu ya walinzi wawili, yaani wapangaji wa mchezo. Mmoja ni Shane Larkin, Mmarekani mwenye mbio ambaye baba yake, Barry Larkin, ni gwiji wa besiboli. Mwingine ni Vasilije Micić, Mserbia mtulivu aliyekuwa amezunguka klabu kadhaa bila kutulia.

Mwaka mmoja tu baada ya kuwa mkiani, Efes ilicheza fainali ya Ulaya mjini Vitoria, Hispania, ikafungwa na CSKA ya Moscow 91 kwa 83. Msimu wa 2019–20 ilikuwa haikamatiki: ushindi 24 na kupoteza mara 4 tu, na Novemba 2019 Larkin aliifunga Bayern ya Munich pointi 49 peke yake, rekodi ya EuroLeague iliyosimama hadi mwaka 2024. Kisha ikaja korona, mashindano yakasimamishwa mwezi Machi na hatimaye kufutwa bila bingwa kutangazwa. Wapo mashabiki wanaodai hadi leo kwamba Efes ni bingwa wa mara tatu aliyeibiwa moja. Si hivyo, kwa sababu ya muundo wa mashindano: kuongoza msimamo katika EuroLeague hakumpi mtu kombe. Msimamo unakupa tu nafasi nzuri kwenye mchujo, mchujo unatoa timu nne, na hizo nne hukutana katika mji mmoja kwa siku chache ambapo ukipoteza nusu fainali umekwisha. Timu bora ya miezi saba inaweza kupotezwa na usiku mmoja.

Efes yenyewe ilinufaika na upande wa pili wa kanuni hiyo. Mei 2021, mjini Cologne, katika ukumbi usio na mashabiki kwa sababu ya ugonjwa, iliwafunga Barcelona 86 kwa 81, Micić akiwa na pointi 25 na Larkin 21. Mwaka uliofuata ilimaliza msimu wa kawaida ikiwa ya sita, hakuna aliyeipa nafasi kubwa, na ikafika Belgrade kucheza fainali nyumbani kwa kina Micić. Katika nusu fainali dhidi ya Olympiacos, Micić huyo huyo alirusha mpira wa pointi tatu muda ukiwa unamalizika na kuumaliza mchezo kwa 77 kwa 74. Fainali dhidi ya Real Madrid iliisha 58 kwa 57, na mashujaa wake wa kushambulia walikuwa Micić, mwenye pointi 23, na Tibor Pleiß, Mjerumani mrefu mwenye pointi 19. Kombe la Korać lilipatikana kwa tofauti ya pointi moja. Na ubingwa wa pili wa Ulaya, miaka 26 baadaye, kwa pointi moja vilevile.

Majina hayo ya wageni yamezaa dhana nyingine, kwamba Efes ni mnunuzi tu na haijawahi kulea mtu. Ni kweli kwamba mabingwa wa 2021 na 2022 walitegemea sana wageni, na Larkin mwenyewe alikwisha kupewa uraia wa Uturuki na kuichezea timu ya taifa. Lakini mfumo wa vijana wa klabu hiyo ndio uliomtoa Mirsad Türkcan, Mturuki wa kwanza kucheza NBA, na Hidayet Türkoğlu, aliyecheza fainali ya NBA akiwa na Orlando mwaka 2009 na ambaye tangu 2016 ndiye rais wa shirikisho la kikapu la nchi yake. Cedi Osman na Furkan Korkmaz walipitia njia hiyo hiyo miaka ya baadaye. Timu isiyo na mtaa ililazimika kuwatengeneza watoto wake yenyewe.

Mwaka 2023 Efes ilishindwa hata kuingia kwenye mchujo wa Ulaya, ingawa mwezi Juni ilitwaa ubingwa wa Uturuki, wa 16 katika historia yake. Kiangazi hicho Ataman akaenda Panathinaikos na Micić akaenda NBA. Timu haikushuka popote, kwa sababu tulizokwisha kuzieleza.

Limebaki swali la nyumba yake, ambalo nalo lina jina lililobadilika. Mechi kubwa za Efes za miaka ya 1990 zilichezwa katika ukumbi wa Abdi İpekçi, eneo la Zeytinburnu, uliopewa jina la mhariri wa gazeti la Milliyet aliyeuawa kwa risasi mwaka 1979. Ukumbi huo ulibomolewa mwaka 2018, wakati Efes ikichezea Sinan Erdem, ukumbi mwingine wa Istanbul. Mahali pale pale pamejengwa kituo kipya cha kikapu, na tangu msimu wa 2024–25 Anadolu Efes imerudi Zeytinburnu kucheza mechi zake za nyumbani. Mlangoni hakuna tena jina la mwandishi wa habari. Limeandikwa la Turkcell, kampuni ya simu.